Kioo Alichokitupa Kokugonza

Kokugonza hajui kujishusha, na hilo nalisema mapema ili mtu asije akanilaumu baadaye. Akifanya kitu kizuri atakwambia ni kizuri kabla hujafungua mdomo. Akikosea pia atakwambia, ila hiyo siku utaisubiri sana. Ni Mhaya, fundi wa miwani mjini Mwanza, ndiye anayekata vioo na kuvisaga mpaka vikae sawasawa kwenye fremu, na jioni akirudi kwake Kiseke hapumziki kama watu wengine. Anafuta meza ya chakula, anatandaza gazeti, anaanza kufumua kamera.

Kamera zenyewe si hizi za kwenye simu. Ni za plastiki, nyingi zilitengenezwa ili watoto wa Ulaya wazichezee, zikaja huku ndani ya marobota ya mitumba pamoja na midoli isiyo na miguu. Wauzaji wa soko la Mlango Mmoja wakimwona wanamwita kwa mbali, maana hakuna mwingine wa kununua takataka hizo. Yeye anang'oa lenzi ya plastiki, anasaga nyingine kutokana na masalia ya kazini, anaziba matundu kwa utepe mweusi wa mafundi umeme na vipande vya tyubu ya baiskeli. Springi ikikatika anatoa ya kwenye kalamu. Pius, mume wake, alishazoea kula na sahani mapajani, na wageni wakija huwaambia kwamba meza ile ni ya ofisi.

Mwaka huu Kokugonza akaokota kubwa kuliko zote. Ilikuwa kamera ya picha za papo hapo, zile ambazo ukibonyeza tu karatasi inatoka mbele yenyewe, na ukiingoja sura za watu zinajitokeza polepole. Uso wake ulikuwa umepondeka kabisa, lakini mgongo ulikuwa mzima. Mota ilizunguka, na rola mbili za kuikamua picha zilizunguka. Kokugonza akaukata mgongo ule, akauunganisha na kamera ya kitoto yenye lenzi aliyoisaga kwa mkono wake. Ndani ya ile iliyopondeka alikuta kioo, kioo hasa cha kujitazamia, kimelazwa mshazari. Kilikuwa na ufa, na kwa jinsi alivyopanga mambo yake kilikuwa hakina pa kukaa.

"Hicho kilikuwa kinafanya nini humo?" Pius akauliza.

"Kujaza nafasi," Kokugonza akasema, akakitupa kwenye ndoo ya taka.

Filamu alikuwa nazo chache, alizoletewa na rafiki yake kutoka Nairobi, kwa hiyo hakujaribu ovyo. Alimpiga picha paka. Akapiga mpapai wa uani. Akampiga Pius uso kwa uso, ametoa macho kama anapigwa picha ya kitambulisho. Zote zikatoka safi, zenye rangi tulivu ya zamani ambayo simu haiwezi kuitoa. Kokugonza akaziegemeza kabatini akazitazama kwa raha. Paka alikuwa paka, mpapai ulikuwa mpapai, na Pius alikuwa Pius. Angetaka nini zaidi?

Sasa tuje kwa Gladness. Gladness ni mdogo wake Kokugonza, mtoto wa mwisho wa mama yao, Mama Renatha, msichana mpole aliyetulia. Ana jambo moja tu: mashoto. Anaandika kwa kushoto, anakata kitunguu kwa kushoto, akishtuka hushika kifua kwa kushoto. Kwao hakuna aliyemsumbua kwa hilo. Taabu ilianza alipochumbiwa na Luhende, kijana wa Kisukuma aliyesoma naye Nyegezi, ambaye kwao ni ng'ambo, ukivuka na kivuko cha Kamanga. Siku wakwe walipokuja mara ya kwanza, Gladness aliwanawisha wote vizuri, halafu akampa shangazi wa Luhende kitaulo kwa mkono wa kushoto. Shangazi Evelina alikitazama kitaulo kile hakukipokea. Akajifuta kwa upindo wa kitenge chake.

Na Shangazi Evelina si mtu wa kupuuzwa. Baba yake Luhende alipofariki, yeye ndiye aliyesimama na wifi yake Suzana, mama yake Luhende, mpaka watoto wakakua. Ukoo ule akisema twende, wanakwenda. Akisusa, hakuna atakayepanda kivuko. Basi alituma neno, tena la wazi kabisa. Siku ya send-off, sherehe ya kumuaga binti kwao, bibi harusi atawalisha keki wakwe zake. Akimlisha Suzana kwa mkono wa kulia, yaliyopita yamepita. Akimlisha kwa mkono wa kushoto mbele za watu, Evelina harusini hatakanyaga, na wao watakaokwenda waende kivyao.

Gladness alilia, halafu akajifuta machozi akaanza mazoezi. Mama Renatha alimkalisha jikoni kila jioni achague maharage kwa kulia, anywe uji kwa kulia, amlishe yeye vipande vya ndizi kwa kulia. Mwanzoni ndizi ilikuwa inaishia shavuni. Baadaye ikawa inafika mdomoni. Msichana alimpenda Luhende wake kweli, na hakutaka kuolewa huku nusu ya ukoo imekaa nyumbani imenuna.

Kokugonza naye alikuwa kwenye kamati ya send-off, na wanaojua kamati za harusi wanajua kwamba huko ndiko majigambo yanakopewa kiti. Alisimama na kamera yake shingoni akasema simu zimeharibu sherehe, kila mtu ananyanyua mkono, anayekaa nyuma anaona viwiko tu. Picha zenyewe zinazama kwenye simu hazionekani tena. Wakati wa keki, akasema, simu zote ziwekwe chini, video iendelee na kazi yake, na yeye atapiga picha moja ya Mama Suzana akilishwa, ambayo mama atavuka nayo Kamanga siku hiyohiyo ikiwa mkononi. Wajumbe wakaona ni jambo jipya, wakapitisha.

Sherehe ilifanyika Jumamosi alasiri kwenye bustani moja ya Ilemela iliyoteremkia ziwani. Meza kuu iliwekwa chini karibu na maji, wakwe wakaligeuzia ziwa mgongo, na wageni wengine wote wakatazama maji. Upande wa kulia wa mtu anayetazama meza kuu kulikuwa na yale mawe yetu ya Mwanza, jiwe kubwa limekalia jingine kama vile kuna mtu alilipandisha, na ndege minandi wamejipanga juu yake wanaanika mabawa. Upande wa kushoto palikuwa wazi, ziwa tupu. Kokugonza alipapenda mahali pale tangu asubuhi, kwa sababu mwanga ulikuwa mwingi na lenzi yake haitaki giza.

Mshereheshaji Machibya akatangaza keki, akaomba simu zishuke, zikashuka. Gladness akaanza na mama yake, kwa mkono wa kulia, bila kutetereka. Mama Renatha alitafuna keki ile akishusha pumzi kama aliyetua ndoo ya maji. Kisha Gladness akasogea kwa Mama Suzana, mziki ukapandishwa, wanawake wakapiga vigelegele, wengine wakainuka kucheza mbele ya meza. Mtu wa video alikuwa amejipanga upande ule wa kushoto ulio wazi, akawa anarekodi mgongo wa gauni.

Sasa, mtu akishika kamera aliyoitengeneza mwenyewe haangalii watu. Anaangalia kamera. Kokugonza alikuwa anawaza kama utepe umeshika, kama springi ya kalamu itarudi, kama mota itavuta. Akabonyeza. Springi ikarudi, mota ikanguruma, karatasi ikatoka. Akaificha haraka chini ya khanga aliyojitanda, maana picha ikiwa mbichi haitaki jua, na moyo wake ukajaa raha.

Ndipo Shangazi Evelina akasimama. Hakupiga kelele. Aliinua mkono mmoja tu, na Machibya akazima mziki mwenyewe.

"Nilisema, na wote mlinisikia," akasema. "Huyu binti amemlisha wifi yangu kwa kushoto. Nimeona."

Maji yakasikika yakigonga mawe. Luhende akasimama, hakujua pa kushika. Mtu wa video akarudisha video yake nyuma, akaona gauni, akatikisa kichwa. Mama Suzana mdomo ulikuwa umejaa keki, akawa anaashiria aletewe maji. Gladness alisimama na kisahani mikononi, macho chini. Kokugonza alimwona mdogo wake vile akaumia, na alipoumia hakungoja mtu amwite.

"Picha ipo," akasema. "Shangazi, hakuna haja ya kubishana. Kamera haina ukwe wala undugu. Tungoje ijitokeze, halafu utaitazama wewe mwenyewe wa kwanza."

"Nitangoja," akasema Evelina, akakaa.

Basi wakangoja, na kungoja kule kulikuwa na kazi yake. Mzee mmoja akashauri picha itikiswe ili iwahi. Kokugonza akamwambia kwa adabu kwamba atakayeitikisa atakwenda Nairobi kwa miguu kuleta filamu nyingine. Wachache wakacheka. Alipoitoa chini ya khanga na kuiweka mezani, ilikuwa bado kijivu. Kwanza likaja ziwa. Halafu gauni. Halafu kitenge cha Mama Suzana, halafu nyuso mbili zinazotazamana, na mwisho kabisa mkono ulioshika keki. Watu wa meza kuu waliinama wote kwa pamoja.

Mkono ulikuwa wa kulia.

Shangazi Evelina akatoa miwani ya kusomea mkobani, akaivaa, akaitazama picha kwa muda mrefu. Akaisogeza mbali, akaileta karibu. Kisha akavua miwani, akasimama tena, na hapa nampa heshima yake, kwa sababu wapo watu ambao wangetoa kisingizio. "Nimemsingizia mtoto wa watu," akasema. "Macho yangu yameanza kunidanganya. Binti, unisamehe." Akafungua kitenge kipya alichokuja nacho, ambacho pengine alikuwa amepanga kurudi nacho, akamfunika nacho Gladness mabegani. Vigelegele vilivyopigwa hapo viliwarusha minandi wote kutoka kwenye jiwe.

Kokugonza alipongezwa mpaka akachoka. Machibya alimwita mbele, akamtaja kama fundi aliyeokoa harusi, na watani zake Wasukuma wakasema leo Mhaya amejisifu kwa haki. Alipita katikati ya meza shingo juu. Shangazi akamshika mkono akamwambia Jumatatu atavuka kwenda dukani kwake kupimwa macho. "Njoo, shangazi," Kokugonza akajibu. "Na hiyo fremu imekaa vibaya puani, nitakurekebishia."

Akaichukua picha mezani ili aitazame kazi yake kwa utulivu. Lenzi ilikuwa kali katikati na laini pembeni, kama alivyokusudia. Ziwa limetulia. Mawe yale yamekaa upande wa kushoto, minandi juu yake.

Akainua macho. Mawe yalikuwa upande wa kulia.

Akashusha macho, yakawa kushoto. Akainua tena, na hata kabla hajamaliza kuinua alishajua, kwa sababu kazi yake ni vioo na mwanga na hakuna wa kumfundisha. Filamu ile hutazamwa kwa upande uleule unaopigwa na mwanga. Bila kioo cha kuigeuza picha, kulia kunakuwa kushoto na kushoto kunakuwa kulia. Paka alikuwa paka tu, na Pius uso kwa uso ni yuleyule ukimgeuza. Kioo kile hakikuwa kinajaza nafasi hata kidogo, na lori la taka lilishapita Kiseke muda mrefu.

Aliduwaa pale na picha mkononi. Kwa hiyo Gladness alitumia kushoto. Kwa hiyo Shangazi aliona sawasawa. Hilo la pili ndilo lililomchoma zaidi. Hajawahi kumruhusu mteja atoke dukani na kioo kisicho chake, na leo, mbele ya umati, amemfanya mwanamke mwenye macho mazima aombe radhi kwa kuona. Akamtafuta Gladness kwa macho. Mdogo wake alikuwa katikati ya wakwe, kitenge mabegani, anatabasamu kwa midomo tu. Walipotazamana, Gladness akashusha macho, na Kokugonza akaelewa kwamba mwenzake anajua na anaogopa.

Angeweza kukaa kimya. Angeweza pia kupanda jukwaani akayabomoa yote. Hakuna hata moja lililomkaa. Akaona kuna mtu mmoja ambaye lazima aambiwe kwanza, na huyo ni mwenye mdomo uliolishwa keki. Mama Suzana alikuwa amejitenga kidogo, amekaa kwenye kiti karibu na maji, viatu amevivua. Kokugonza akapiga goti.

"Shikamoo tena, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leta hiyo picha niione vizuri, kule mezani watu walinibana."

"Mama, kabla hujaiona nina neno. Kamera yangu ina kasoro. Nilitoa kioo ambacho sikutakiwa kukitoa. Picha imegeuka. Kilicho kulia ni kushoto. Niliwaambia watu haisemi uongo, kumbe imesema. Kosa ni langu, siyo la Gladness, wala siyo la macho ya shangazi."

Mama Suzana akamtazama, halafu akacheka kicheko cha chinichini, mabega yakitikisika.

"Unaniambia mimi?" akasema. "Keki nimelishwa mimi, Kokugonza. Nilikuwa naona mkono unakuja. Ulikuja wa kulia, vizuri kabisa, ila wale wacheza mziki walipomgonga kiwiko keki ikaanza kudondoka kwenye kitenge changu, na ule mwingine ukaidaka. Mkono wenye akili ndio uliowahi. Ningesema, lakini mdomo ulikuwa umejaa, na nilipokunywa maji wewe ulishasema picha ipo."

"Lakini ulipoiona mezani hukushangaa?"

"Nilishangaa. Mimi picha sizipendi, kila moja inanionyesha mtu mwingine. Hii nikajiona mwenyewe. Kidoti hiki cha shavuni kimekaa upande uleule ninaokiona kila asubuhi nikijitazama kwenye kioo. Hapo nikajua hii imegeuka." Akageuza viganja vyake akavitazama. "Nilipokuwa mdogo, mama yangu alinifunga mkono huu kwa kamba ya katani mpaka nilipojua kula kwa ule mwingine. Evelina hajui. Hakuna anayejua, hata marehemu hakujua. Nimekula kwa kulia miaka yote, na mpaka leo nikiwa peke yangu jikoni mwiko unahama wenyewe."

Machozi yalimlenga Kokugonza na hakujisumbua kuyaficha.

"Na shangazi je?" akauliza baadaye. "Atakuja Jumatatu nimpime. Mimi siwezi kumwambia mtu mwenye macho mazima kwamba haoni."

"Usimwambie. Mpime, na ukweli utakaoupata umpe. Mengine nitamwambia mimi mwenyewe harusi ikishapita, tukiwa wawili, na la mkono wangu pia nitamwambia. Atanuna wiki, halafu atanitania mpaka nife. Evelina namjua."

"Basi leo jioni natafuta kioo," Kokugonza akasema, akijifuta macho, na ile sauti yake ya kawaida ikaanza kurudi. "Nitakikata mwenyewe, nitakilaza kwa pembe yake. Kesho kamera hii itakuwa inaona vizuri kuliko zote Mwanza."

"Harusi ni lini?" akauliza Mama Suzana, kana kwamba hajui.

"Jumamosi ijayo, mama."

"Na keki ipo?"

"Ipo."

"Basi kioo kingoje mpaka Jumapili ya baada ya harusi," akasema Mama Suzana, akanyoosha mkono kuipokea picha yake. Ulikuwa wa kushoto.